Kadi Iliyokaribishwa Ndani

"Uso nikishauona mara moja, umekwisha," alisema Inspekta Milton Bentancor, akagonga paji la uso wake kwa kidole. "Unabaki humu mpaka tuzikwe wote wawili. Miaka ishirini na sita ya kazi, sijapoteza hata mmoja."

Alikuwa akimwambia mhandisi Zulma Peyrou, ambaye hakuwa amemuuliza. Walisimama mbele ya kabati la seva namba nane, katika kituo cha data pembezoni mwa Montevideo. Nje kulikuwa na baridi ya Julai na ndani kulikuwa na baridi ya viyoyozi, kwa hiyo mtu aliyetaka joto alibaki na kazi moja tu, kuchagua baridi itakayomuua.

"Una bahati," alisema Zulma. "Mimi hata wa mume wangu unanitoka."

"Mume wako nimemwona. Kusahau huko ni huruma ya Mungu."

Zulma hakucheka. Hiyo wiki hapakuwa na aliyecheka kituoni, ukimtoa inspekta, na yeye alicheka kama mtu anayekohoa ili asisikike akifanya kitu kingine.

Jumamosi, mjini Salto, Rosario Quintela alikutwa jikoni kwake, sufuria bado ikichemka, risasi mbili kifuani. Zamani aliuza kahawa bandarini Montevideo, na alfajiri moja aliona ni nani aliyefungua kontena na nani aliyeingizwa ndani yake akiwa maiti. Baada ya kusema hayo kwa jaji alipewa jina jipya na nyumba ya mbali. Anwani ya nyumba hiyo iliandikwa mahali pamoja tu duniani, kwenye orodha ya mashahidi wanne iliyohifadhiwa humu, katika kabati namba nane. Sasa mashahidi walibaki watatu. Walikuwa wamefichwa kwenye kambi ya polisi tangu Jumapili, na leo, Jumanne, saa tisa alasiri, magari yangewachukua na kuwapeleka kwenye nyumba mpya. Aliyeiba anwani ya kwanza asipojulikana kabla ya saa hiyo, huenda magari hayo yangekuwa yanawapeleka machinjioni.

Ilikuwa saa saba na nusu.

"Nieleze tena," alisema Bentancor. "Kama unavyomweleza mtoto wa shemeji yako."

"Shemeji yangu hana mtoto."

"Basi kama unavyomweleza shemeji."

Zulma alivuta pumzi. "Seva hii moja imebeba mashine pepe kumi na mbili. Ni kompyuta zisizo na mwili, kila moja inajiona iko peke yake. Ile ya mashahidi ina ukuta wa ziada, kumbukumbu yake yote imefumbwa. Mimi mwenye funguo za jengo nikiichungulia naona takataka tupu. Imeundwa isiniamini mimi, isikuamini wewe, isiamini hata chuma kinachoibeba."

"Msichana mwenye akili zake."

"Ila hata msichana huyo lazima aongee na watu wa nje. Anayembebea maneno ni kadi ya mtandao, na kadi ni kifaa cha watu baki. Ina ubongo wake mdogo, na ukiiachia inanyoosha mkono na kusoma kumbukumbu moja kwa moja, bila kubisha hodi. Kwa hiyo sisi tuliiweka barazani. Mashine inatoka yenyewe na barua, inaiacha barazani, kadi inaokota na kwenda nayo. Ndani kuna vyumba vingapi, kadi haijui."

"Mbona unasema *tuliiweka*?"

"Ilikuwa hivyo mpaka Mei. Kutoka na kuingia kunachukua muda, na kuna idara ikalalamika kwamba mafaili yanachelewa kufunguka. Iliandika barua tano."

"Idara gani hiyo isiyo na subira?"

"Yenu."

Bentancor aliangalia dari. Kidole gumba chake kilikuwa kimeshaanza kazi yake ya kila siku, kukwangua kibandiko kwenye mlango wa kabati, kona moja kwanza, kisha nyingine. Chupa za bia, visanduku vya dawa, kiti cha ofisini, chochote chenye kibandiko hakikupona mbele ya kidole kile.

"Acha hicho," alisema Zulma. "Ni namba ya mali."

Aliacha.

"Basi tukairuhusu kadi iingie ndani, kwa masharti," aliendelea mhandisi. "Ionyeshe cheti cha kuzaliwa chenye muhuri wa kiwandani, na itaje programu inayoendesha, mashine ilinganishe na orodha yake. Kikipungua kimoja, kadi inarudi barazani na kengele inalia. Sasa sikiliza. Juni tarehe kumi na mbili, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kadi ya zamani ilikatika. Saa nne na thelathini na moja ikawaka kadi nyingine. Cheti chake ni halali, ilizaliwa kiwanda kilekile. Lakini programu yake haikuwemo kwenye orodha, mtu alishaifungua akaitia roho nyingine. Mashine ikaikataa."

"Sawa kabisa."

"Saa nne na thelathini na nne kuna mtu aliyebonyeza *kubali*."

Alitoa mfuko angavu wa ushahidi. Kadi ndani yake ilikuwa ndogo kuliko kiganja, kijani, safi, isiyo na dhambi machoni.

"Kesho yake, tarehe kumi na tatu, wewe ulikuja kuipitia orodha ya mashahidi, kama kila mwezi. Ulipoifungua, ndani ya kumbukumbu anwani zilikuwa wazi kwa dakika sita. Na kadi ilikuwa imeshakaa sebuleni, imekunja nne."

"Kumi na tatu ndiyo. Nakumbuka," alisema Bentancor. "Aliyebonyeza ni nani?"

"Yamandú Larrosa. Msimamizi wa zamu."

"Na sanduku la kadi?"

Zulma alimwonyesha. Lilikutwa stoo, chini ya marobota ya nyaya. Lilikuwa la kawaida, la kahawia, na juu yake kibandiko cha msambazaji kilichochapwa kwa printa ya nyumbani. Kona mbili za kibandiko zilikuwa zimebanduka.

"Kazi ya kulipua," alisema inspekta. "Hata gundi wamebana matumizi."

*

Larrosa alikuwa kijana mrefu aliyekonda, kucha zimetafunwa mpaka nyama. Walimweka katika chumba cha kusomea mafaili, na Bentancor akageuza kiti, akakikalia kinyumenyume.

"Kitabu cha kuingia cha siku ile kina majina mawili," alisema. "Mhandisi Peyrou, aliyeondoka saa tatu. Na wewe. Kamera zinatunza picha siku thelathini, na leo ni ya thelathini na nne. Kwa hiyo kilichobaki ni wewe na malaika wako. Malaika anasemaje?"

"Nilikuwa kwenye paa, inspekta. Kiyoyozi kikubwa kilikufa alfajiri. Ukumbi ulikuwa unachemka, makabati yote tuliyaacha wazi yapumue."

"Namba nane pia?"

"Yote."

"Ukiwa paani ukabonyeza *kubali*. Kwa kidole cha nani?"

"Changu. Kwa simu. Tahadhari iliingia, kadi mpya, programu haijulikani. Cheti kilikuwa safi. Nikajua ni fundi wa msambazaji, ameleta kadi ya toleo jipya na orodha yetu haijasasishwa. Hutokea."

"Ulijuaje kuna fundi? Ulimwita?"

"Hapana. Nilimwona akiingia. Alikuja na masanduku mawili, akaingia na polisi."

Zulma, aliyekuwa ameegemea mlango, alinyanyua kichwa. Bentancor hakutikisika.

"Rudia."

"Polisi alikuwa naye. Gari lenu liliegeshwa chini, na huyo polisi ndiye aliyebeba sanduku moja. Nilisema moyoni, kama polisi mwenyewe anambebea mzigo, mimi ni nani niulize?"

"Uso?"

"Mvua ilikuwa kubwa na mimi niko juu. Niliona koti jeusi na kofia ya koti. Mgongo tu."

"Polisi mwenye mgongo bila uso. Hao tunao wengi." Inspekta alisimama. "Unajua ulichofanya, kijana? Kuna mama alikuwa anapika mchuzi Salto. Umemuua kwa kidole gumba."

"Najua," alisema Larrosa, kwa sauti ambayo haikuomba chochote. "Tangu Jumamosi sijalala. Najua."

Bentancor alitoka naye Zulma hadi korido, akawasha sigara, akaoneshwa ishara ukutani, akaizima.

"Anadanganya?" aliuliza Zulma.

"Mwongo angenipa uso. Angesema ana masharubu, ana kovu. Huyu amenipa mgongo, na mgongo haumsaidii kitu." Alihesabu kwa vidole. "Polisi wenye ruhusa ya mlango huu nchi nzima ni wawili. Mimi, na Sajini Odriozola. Leta kitabu."

Alikifungua ukurasa wa Juni. "Mimi huyu hapa. Tarehe kumi na tatu, saa tatu, saini yangu mbaya. Odriozola hayumo mwezi mzima. Sasa fikiri. Mtu aliyekuja kwa heri ameandikwa. Wa shari ndiye asiyeandikwa."

"Odriozola ni rafiki yako."

"Ni msimamizi wa ubatizo wa binti yangu." Alitazama saa. Saa nane na dakika ishirini. "Na ndiye anayeongoza yale magari saa tisa."

Alipiga simu makao makuu palepale, bila kusogea. Sauti yake haikuwa na mzaha hata wa dawa. "Magari yasiwashwe. Mnyang'anyeni Odriozola bastola na simu, mfungeni pingu. Ndiyo, mbele ya mashahidi, waone. Hapana, sina hati. Nina akili. Ndani ya nusu saa nitakuwa na shahidi aliyemwona."

Alikata simu.

"Shahidi yupi?" aliuliza Zulma.

"Huo mlango haufunguki kwa maombi. Kuna mtu anabonyeza kitufe. Asubuhi ya tarehe kumi na mbili zamu ilikuwa ya nani pale mbele?"

"Ya doña Elbia, bibi wa mapokezi. Sasa hivi anaingia zamu ya mchana."

*

Doña Elbia Techera alikuwa na miaka sitini na minne, miwani mizito, na kaunta ndefu iliyojaa themosi. Sheria ya jengo ilisema maji hayapiti mlango wa ndani. Ilikuwa sheria ya kikatili, kwa kuwa watu wa pale hutembea na themosi kwapani kama wengine wanavyotembea na mkono, wakinywa mate, ile chai yao chungu ya kibuyu na mrija, kuanzia kuamka hadi kulala. Basi kila aliyeingia aliacha themosi na kibuyu kwa doña Elbia, na yeye aliibana themosi kibanio cha nguo chenye namba, akaitunza kama mtoto wa kuachiwa.

"Ya kijani, kibanio namba mbili," alisema bila kuinua kichwa, akaisogeza themosi ya Bentancor mbele. "Mwenzangu wa asubuhi ameiweka karibu na hita. Nimeihamisha, mpira wa mfuniko ungeharibika."

"Mungu akulipe, doña. Nataka nikuulize kuhusu tarehe kumi na mbili Juni."

"Kitabu cha kuingia anacho mhandisi."

"Kitabu kimenyamaza. Nataka macho yako. Kuna polisi aliingia na fundi mwenye masanduku. Mfupi kidogo, kifua kipana, anaitwa Odriozola. Umeshamwona hapa."

"Mwenye themosi ya bati, ina stika ya timu ya Paysandú."

"Huyohuyo."

"Hajaja tangu Pasaka." Doña Elbia aliinama chini ya kaunta, akatoa daftari la shule lenye jalada lililochakaa. "Kitabu cha kuingia ni cha kampuni. Hili ni langu. Mwaka wa tano huu tangu themosi ya mtu ipotee hapa, wakataka kugoma jengo zima. Tangu siku hiyo naandika kila inayokuja na kila inayoondoka."

Bentancor alitabasamu kwa Zulma, tabasamu la mtu aliyekwisha kushinda. "Hawa ndio polisi tunaowahitaji. Soma, doña."

Alilisogeza daftari mpaka karibu liguse miwani. "Jumatano, tarehe kumi na mbili. Mvua. Nimekaanga torta." Hizo ni maandazi bapa, na mvua ikinyesha Montevideo kutoyakaanga ni kama kumtukana mtu. "Ya mhandisi, nyekundu, imeondoka saa tatu. Ya Larrosa, bluu, mwenyewe yuko paani. Ya inspekta, kijani, imebonyea kitako, kibanio namba nne. Imekuja saa nne kasoro dakika tano, imeondoka saa tano kasoro robo."

Bentancor aliinama juu ya daftari.

"Umechanganya tarehe," alisema Bentancor. "Nilikuja kumi na tatu."

"Na kumi na tatu ulikuja. Hii hapa, kibanio namba moja." Alirudisha ukurasa. "Kumi na mbili chumba cha kusomea kilifungwa kwa ajili ya kile kiyoyozi. Ukasema safari ya bure hii. Nikakwambia kaa, mvua ipungue. Hukusaini, ungesaini nini na hukuwa na pa kwenda? Tulikunywa mate yako hapahapa kwenye kaunta. Ulikula torta tatu, ukasema zina mafuta."

Zulma alisogea karibu na kaunta.

"Halafu, doña?" aliuliza Zulma, taratibu.

"Halafu akaingia yule na sanduku moja, amelowa chapachapa. Hakuwa na themosi, nikajiuliza mtu wa wapi huyu. Inspekta akamwonea huruma, akamjazia kibuyu. Akanyonya, akakirudisha, akajaziwa tena. Wakataniana kuhusu mpira." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. "Mtu ameshanyonya mrija mmoja na inspekta wa polisi, mimi nimdai kitambulisho? Ningeonekana sina adabu."

"Aliingiaje ndani?"

"Inspekta alivaa kofia yake ya koti, akatoka naye nje kwenye gari la fundi kuchukua sanduku lililobaki, akarudi amelibeba. Akaniambia, fungua doña, huyu yuko nami, tusimvunje mgongo kabla ya pensheni. Nikabonyeza. Akamfikisha mpaka ukumbini, akarudi kumalizia torta."

Simu ya Bentancor ililia. Hakuipokea. Ilikata, ikalia tena, na kwenye kioo kila mtu aliweza kusoma *makao makuu*. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya themosi ya kijani, kwenye kipande cha mwisho cha kibandiko kilichokuwa kimebaki ubavuni, kikikwangua kona. Zulma alikitazama kidole. Kisha alilitazama sanduku la kahawia alilokuwa amelishika, kona zile mbili zilizobanduka. Alilisogeza mbali na inspekta, kwa upole, kama mtu anavyoondoa kisu mezani.

"Doña Elbia," alisema, "sura yake huyo fundi."

"Mwanangu, mtoto wa jicho amenikamata tangu Februari. Nyuso zote kwangu ni unga wa ngano. Themosi naziona kwa rangi, na huyo hakuwa nayo." Alivaa miwani, akageukia mahali aliposimama inspekta. "Lakini msihangaike. Inspekta anamkumbuka. Si alimwambia mwenyewe wakati wa kuagana, mimi nasikia? Alimwambia, nenda salama, ila usinifanyie ujinga. Uso nikishauona mara moja, umekwisha."

Zulma alichukua kalamu ya kaunta iliyofungwa kwa uzi, akageuza kitabu cha kuingia upande wa nyuma, kwenye ukurasa mtupu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi na mbili. Kambini mashahidi watatu walikuwa wamekaa na mabegi magotini, wakimtazama Odriozola na pingu zake.

"Tuanze na rahisi," alisema. "Alikuwa na ndevu?"

Bentancor alikunja uso. Alikumbuka sanduku. Lilikuwa jepesi kuliko lilivyoonekana, na chini lilikuwa limelowa. Alikumbuka mvua kwenye vioo, na ladha ya mafuta ya torta, na mkono uliorudisha kibuyu.

"Inspekta," alisema Zulma. "Alikuwa na ndevu?"